Kisiwa Kimoja Tu

Waliosema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa watu wa vyombo, si watu wa majembe. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni pale chini kabisa ndani, panapokusanyika maji yanayovuja. Maana yake ni kwamba mtu ahangaike apendavyo, aende mbele arudi nyuma, mwishowe atarudi palepale alipoanzia, na asipokuwa na bahati atarudi akiwa amelowa. Huku kwetu bara wengi huisema methali hii bila kuijua ngama wala kuiona. Swaumu binti Seleman wa Nandagala aliijua. Alichota maji yake kwa kifuu cha nazi muda wa miaka miwili na ushei, mgongo umepinda, na kila kifuu alichokimwaga baharini alikisindikiza kwa neno moja la kumsema mumewe.

Mume huyo aliitwa Lukumani, fundi seremala, mzaliwa wa Nachingwea. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, wala hakuwahi kuinua mkono wake kumpiga mkewe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakupenda kupangiwa. Na kwa mtu asiyependa kupangiwa, kuoa Nandagala ni kujitakia. Desturi ya huko ni kwamba mume humfuata mke. Hujenga kwa wakweze, hulima kwa wakweze, na mashamba yote ya ukoo yamo mikononi mwa mjomba wa mke.

Mjomba wa Swaumu alikuwa mzee Kaimu, mtu wa maneno machache na yote makali. Kila mvua zilipokaribia, Lukumani alipaswa kwenda kwake, achutame, amwulize mwaka huo alime wapi. Mzee Kaimu alinusa ugoro kwanza, akapiga chafya, akafuta pua taratibu, ndipo akanyoosha kidole. Lukumani aliona miaka kumi na minane ya ndoa yake yote imepita akifuata kidole cha mtu mwingine.

Mradi wa karanga ulipoanza Nachingwea, Lukumani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutupa jembe na kwenda kuandikwa kazi. Aliwekwa kwenye karakana ya mbao, na kwa muda mfupi akawa anaitwa fundi na wakubwa kwa wadogo. Kwenye karakana hiyo alikuwepo mhandisi mmoja wa Kizungu mwenye wazimu wa peke yake. Kila jioni, kazi zikiisha, alikuwa akiunda mashua. Nachingwea, jamani, ambako mtu akitaka kuoga hupimiwa maji kwa kopo, Mzungu anaunda mashua ya tanga yenye kijumba ndani yake, ili atembelee visiwa yeye na mkewe! Lukumani ndiye aliyemshikia randa na nyundo tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho. Mashua ilipokamilika ilipakiwa kwenye gari moshi hadi pwani ya Lindi. Mke wa mhandisi akaja, akaitazama mara moja, akakata tiketi ya meli kubwa akaenda zake kwao. Baadaye, katika dhiki zake, Swaumu alimkumbuka mara nyingi yule mama wa Kizungu, akamwona ndiye mtu pekee mwenye akili katika kisa hiki chote.

Mwaka wa 1951 mradi ulifungwa. Matrekta yakanyamaza, watu wakarudi makwao kama waliotoka kwenye harusi iliyovunjika. Mhandisi naye akamfuata mkewe, na mashua akamwachia fundi wake iwe zawadi ya kuagana. Lukumani aliingia Nandagala akicheka peke yake njia nzima.

"Mama Zena, funga mizigo," alimwambia mkewe kabla hata ya kuvua viatu.

"Tunakwenda wapi?"

"Visiwani."

"Kufanya nini huko visiwani?"

"Kukaa. Kutembea. Tukichoka kisiwa hiki twende kile. Huko wako wavuvi, wavuvi wana vyombo, vyombo vinaoza, vinataka fundi. Tutakula samaki wabichi, na hapana wa kuninyooshea kidole."

"Baba Zena, wewe hujui kuogelea."

"Mashua ndiyo itakayoogelea," alijibu Lukumani, naye alikuwa hatanii.

Swaumu alikuwa na jambo moja lililomzuia. Binti yao Zena alikwisha olewa Ruangwa, huko hakukuwa na neno. Jambo lenyewe lilikuwa shamba. Alipewa shamba la udongo mweusi karibu na kijito, na ndani yake ilisimama mikorosho kumi na mmoja aliyoipanda marehemu mama yake kwa mkono wake, akiimwagilia kwa kata wakati wa kiangazi. Ilikuwa imeanza kuzaa mwaka uleule. Swaumu alikwenda kwa mjomba, akapiga magoti, akaeleza.

Mzee Kaimu alinusa ugoro wake. "Shamba halilindwi kwa maneno," alisema. "Mwamina ana watoto watano na hana pa kulima. Nikimwambia angoje, angoje mpaka lini? Basi sikiliza. Mvua ya kwanza nitakungoja, na ya pili nitakungoja. Ya tatu ikinyesha hujashika jembe, atakaloligusa Mwamina ni lake."

Mwamina alikuwa binti wa mama mdogo wake Swaumu, mwanamke mpole, mchapakazi, na shida yake ilikuwa ya kweli. Swaumu alirudi nyumbani, akamtazama mumewe anavyonoa patasi huku akiimba. Tangu waoane alikuwa hajamwona na uso mkunjufu kama ule. Akasema moyoni, mwaka mmoja si mwingi. Akafunga mizigo.

Lindi walikaa mwezi mzima. Mvuvi mmoja wa Songosongo aitwaye Shaibu, aliyekuja kuuza ng'onda, samaki wa kukausha, alimfundisha Lukumani kupandisha tanga, kulishusha na kushika usukani. Mengine alimwambia atayajua mbele ya safari. Kauli hiyo Lukumani aliipenda kuliko masomo yenyewe. Alijua kila msumari uliokuwamo katika mashua ile, akadhani basi na bahari ni mali yake.

Yatakayosemwa juu ya maisha yao baharini ni mengi, nami nitayapunguza, maana Swaumu mwenyewe alikuwa akiyasimulia kwa kuhema. Walipikia ndani ya debe lililojaa mchanga, moshi ukawa unavuma upande wake yeye tu, hata akaapa kwamba upepo nao ni ndugu ya mumewe. Ugali ulikuwa na mchanga, kitanda kilikuwa na mchanga, Kurani tukufu aliyopewa na baba yake ikabidi aivingirishe mara tatu kwenye kanga. Aliyekwisha zoea ming'oko ya porini, mbaazi na kisamvu, alikula samaki asubuhi, samaki adhuhuri na samaki jioni, hadi akimwona paka akamwonea wivu kwa kuwa bado ana hamu ya samaki. Na mashua ilivuja. Mbao zake zilikaushwa na jua la Nachingwea, zikaungwa na watu wa bara, na kila siku ya Mungu maji yaliingia. Lukumani akitembea nyuma akirudi mbele, mikono kiunoni, akitazama upeo wa macho kama aliyeununua, Swaumu yuko chini ngamani na kifuu chake.

"Tazama kile, Mama Zena! Tazama kilivyo kijani!"

"Nakitazamaje na mimi niko shimoni?"

Walikwenda Songosongo, wakaenda Okuza, wakapanda hadi Jibondo na Juani, wakashuka tena. Kila walipotia nanga, watu walimpokea Lukumani kwa mikono miwili, maana fundi hodari si mtu wa kuokotwa. Walimwita fundi, walimletea kazi, walimsikiliza. Alinenepa kwa furaha. Swaumu, ambaye hakuumbiwa roho mbaya, alifurahi kwa ajili yake, kisha akakasirika kwa kuwa amefurahi, kwa sababu kila alipotaja kurudi Nandagala jibu lilikuwa lilelile.

"Kisiwa kimoja tu, Mama Zena. Kimoja tu, halafu turudi."

Mvua ya kwanza ikanyesha wakiwa Jibondo. Mvua ya pili ikanyesha wakiwa Songosongo. Na kimoja tu kikazaa kingine, na kingine kikazaa cha tatu, hadi Swaumu akachoka hata kuuliza.

Faraja yake ilikuwa wanawake wa Songosongo. Hao walimchukua pamoja nao kwenda miambani kutafuta pweza. Mwanzoni alipiga ukelele kila pweza alipomshika mkono, nao wakamcheka hadi wakakaa chini. Baadaye akawa mjuzi. Walimwonyesha kwamba mwezi ukiwa mpya, au ukiwa mpevu, bahari huvimba kupita kiasi na kukauka kupita kiasi. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na siku hizo ndizo za pweza, maana miamba huwa wazi mbali sana. Kisha kila siku maji hupanda pungufu ya jana, mpaka yawe maji mafu, yasiyojaa wala kukauka vizuri. Inapita wiki mbili kutoka bamvua hadi bamvua. Swaumu aliyashika hayo kama alivyoshika majira ya kupanda ufuta. Lukumani yeye hakuyajali. Miaka miwili alifuata wenyeji tu: wakisogeza vyombo vyao, naye anasogeza cha kwake.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Novemba ulipokuwa unakwenda ukingoni, wakiwa Songosongo, mfanyabiashara mmoja alimletea Swaumu barua kutoka kwa Zena. Ilikuwa fupi. "Mama, shikamoo. Mjomba anasema neno lake ni lilelile. Mama mdogo Mwamina amekwisha nunua majembe mawili mapya. Mawingu yameanza. Njoo."

Swaumu aliikunja ile barua, akaenda kusimama mbele ya mumewe. "Baba Zena, leo siombi. Ninakwambia. Tunarudi."

Lukumani alimtazama, akaona kwamba safari hii hapana mchezo. "Tutarudi," alisema. "Kesho alfajiri tunang'oa nanga, kwa jina la Mungu."

Kweli waling'oa. Tanga likajaa upepo, kisiwa kikabaki nyuma, na Swaumu akaanza kuhesabu njia kichwani: Kilwa, Lindi, Nanganga, nyumbani. Haikupita saa moja, Lukumani akakohoa kile kikohozi chake.

"Nimeambiwa kuna kisiwa hapo kando kidogo, hakikaliwi na mtu. Bahari imetupa gogo la msaji pwani yake. Msaji, Mama Zena, mti usiooza majini! Nikipata mbao mbili tu za msaji, hii mashua haitavuja tena. Hutashika kifuu tena maishani mwako. Nusu siku tu."

Hapo ndipo Swaumu alipokosea, naye alilikiri hilo mwenyewe. Mgongo ulikuwa unamuuma. Alinyamaza, na Lukumani akachukua kimya chake kuwa ni ndiyo, akageuza usukani.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo hata wavuvi hawakukisumbukia jina. Walifika alasiri, siku ya mwezi mpevu, maji yamejaa pomoni. Lukumani hakutia nanga mbali kama ilivyo kawaida. Aliisukuma mashua ingali inaelea hadi juu kabisa ya mchanga, ikapita mstari wa magugu makavu yaliyotupwa na maji, ikakaa katikati ya vichaka.

"Mbona juu hivi?" aliuliza Swaumu.

"Ili mawimbi yasiichezee usiku. Wewe kwenu mtu hujenga bondeni? Si hujenga mwinukoni?"

"Hii si nyumba, Baba Zena. Leo ni bamvua. Maji ya kesho hayatafika hapa. Ya keshokutwa ndiyo kabisa. Ishushe sasa hivi, maji yangalipo."

Lukumani alicheka. "Hayo mambo ya pweza waachie pweza. Maji yaliyopanda leo, kesho nayo yatapanda. Nimeyaona kila siku kwa miaka miwili."

"Nakwambia ishushe!"

"Kwanza gogo," alisema Lukumani, akachukua msumeno wake akaenda zake.

Gogo halikuwa msaji. Lilikuwa mti wa hovyo uliooza ndani, umejaa kaa.

Kesho yake maji yalikuja, yakaishia hatua nne kutoka kwenye mashua. Lukumani akasema ni upepo. Siku ya pili yakaishia hatua tisa. Lukumani akakata magogo ya kuviringishia, akasukuma hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na mashua, aliyokuwa ameipigilia mbao za ziada kila kisiwa ili isivuje, ilikuwa nzito kama deni la mahari. Haikutikisika. Siku ya tatu alichimba mfereji mchana kutwa, na mchanga ukaurudia. Swaumu alimsaidia kusukuma, alimsaidia kuchimba, na kinywa chake hakikupumzika.

"Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Mama Zena, sukuma."

Siku ya nne hawakusemezana kabisa. Swaumu alikaa juu ya jiwe, uso kuelekea bara, ambako mawingu yalijikusanya mchana na kutawanyika jioni. Kila yalipojikusanya aliona majembe mawili mapya ya Mwamina. Aliona na mikorosho ya mama yake, kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa jinsi ilivyoinama. Alilia kwa hasira, machozi ya mtu anayejua kilicho sawa na asisikilizwe.

Siku ya tano ilipita mashua ya wavuvi waliokuwa wakirudi kutoka dago, kambi yao ya uvuvi. Mwenye mashua alikuwa Shaibu yuleyule. Alishuka, akaitazama mashua iliyokaa vichakani, akatazama bahari ilivyo mbali, akajizuia kucheka, akashindwa.

"Fundi, chombo umekipeleka shamba?"

"Kitaelea lini?" aliuliza Lukumani kwa sauti ndogo.

"Bamvua ijayo. Siku tisa, kumi. Shemeji hakukwambia? Yeye huyajua maji kuliko vijana wangu."

Shaibu alisema yeye anakwenda Kilwa moja kwa moja, na nafasi ya watu wawili ipo. Swaumu alikwisha beba bahasha yake ya barua na ile Kurani ndani ya kanga.

"Twende, Baba Zena."

"Nikiiacha hapa, nitarudi nikute misumari. Tungoje. Siku tisa si nyingi."

"Mvua haitaningoja siku tisa."

"Basi nenda," alisema Lukumani, na macho yake hayakumtazama. "Nenda kwenu."

Neno hilo lilimchoma Swaumu kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika ndoa yao yote. "Kwetu?" alisema. "Chungu kile ulichokuwa ukila ni cha kwetu peke yetu? Zena kazaliwa kwetu peke yetu? Miaka miwili nimechota maji katika mashua yako, sijasema ni yako peke yako. Haya. Kaa na kisiwa chako. Hiki hapa hakina mjomba, hakina mke, hakina kidole. Unga umo kwenye pipa, maji yamo kwenye madebe matatu. Mimi nakwenda kushika jembe."

Akaingia kwenye mashua ya Shaibu, akakaa, na kwa mazoea akakitafuta kifuu ili achote maji. Mashua hiyo ilikuwa haivuji. Hilo nalo likamkasirisha.

Safari ilimpiga chenga kila hatua. Kilwa alingoja lori siku mbili. Lori lenyewe likaharibika njiani siku moja na nusu, dereva amelala chini yake anaongea na chuma. Lindi akapata lori jingine, likamshusha Nanganga adhuhuri, na alipokanyaga chini tu, tone la kwanza likampiga kwenye paji la uso. Mvua ya tatu ilinyesha kama iliyotumwa. Swaumu alijifunika kanga akaanza kutembea kuelekea Ruangwa, katika matope yanayonata miguuni, akapata lifti ya baiskeli kidogo, akatembea tena. Alilala njiani nyumba ya watu wema, akaamka na giza, akatembea kutwa, akalala tena.

Alifika Nandagala siku ya pili yake, jua limekwisha panda. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani, na kabla ya kufika alisikia majembe.

Mwamina alikuwepo na wanawe wakubwa wawili. Walikuwa wameanzia upande wa mikorosho, na chini ya miti yote kumi na mmoja udongo ulikuwa umegeuzwa, mweusi, unang'aa. Upande wa kijito ulikuwa bado ni magugu. Mzee Kaimu alisimama pembeni amejifunika gunia kwa ajili ya manyunyu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umechelewa siku moja."

"Najua."

Mwamina aliacha jembe, akamshika ndugu yake mikono, akalia. "Dada, mimi jana asubuhi nilingoja hadi jua likapanda. Nilitazama njia. Watoto wananitazama mimi."

Swaumu alitaka kumkasirikia akashindwa; hasira zake zote zilikwisha pata mwenyewe tangu zamani, naye alikuwa kisiwani. Alimgeukia mjomba, akampigia magoti matopeni. Hakuomba mikorosho. Alisema tu kwamba mvua bado haijalowesha udongo hadi chini, wakati wa kupanda haujapita, na yeye yupo, na mikono anayo.

Mzee Kaimu alitafuta ugoro, akakuta umelowa, akaukasirikia, akautupa. "Nilisema atakaloligusa Mwamina ni lake. Amegusa mikorosho, mikorosho ni yake. Hajagusa kijitoni. Shika jembe kabla hajagusa."

Mwamina mwenyewe akampa moja ya yale majembe mapya. Swaumu aliingia kwenye magugu ya kijitoni, akapiga jembe la kwanza, na kila aliponyanyua mgongo aliiona miti ya mama yake, hatua ishirini tu kutoka pale, na korosho zake zilizoanza kudondoka zikiokotwa na watoto wa mwingine. Siku moja. Gogo lililooza, lililojaa kaa, ndilo lililompokonya.

Wiki tatu zilipita. Mahindi yalikuwa yamechipua Lukumani alipotokea. Alikuja kwa miguu, amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi, begani ana msumeno na mfuko wa patasi. Watu waliacha kazi kumtazama. Wapo waliojiandaa kumcheka, lakini alivyokuwa ilikuwa tabu kumcheka. Swaumu hakumwendea. Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine.

Mzee Kaimu ndiye aliyemuuliza. "Mashua iko wapi, mkwe?"

"Iliteremka bamvua ilipokuja. Nikashika usukani, maji yakaingia. Nikienda kuchota, usukani unaachika. Nikishika usukani, maji yanapanda. Nilifika karibu na Kilwa imejaa hadi magotini, ikakalia mwamba. Shaibu akanitoa. Mbao nimemwachia yeye."

"Na visiwa umeviona vingapi?"

"Ishirini na viwili."

"Kipi kizuri?"

Lukumani aliutua mfuko wa patasi chini. "Nilikaa peke yangu kwenye kile cha mwisho," alisema. "Siku tisa. Nilikuwa na chombo changu, unga wangu, maji yangu, na hapana mtu wa kuniambia fanya hili acha lile. Ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu Nachingwea. Siku ya tatu nilianza kuzungumza na kaa, mjomba. Siku ya sita nilimwita Mama Zena kwa sauti, nikijua hayupo, anijibu hata kwa matusi. Kile kisiwa nilikipata nilivyokitaka, nikashindwa kukaa."

Hapakuwa na aliyecheka. Swaumu aliacha kupalilia.

"Mikorosho imekwenda," alimwambia kutoka pale alipokuwa. "Ya mama. Yote kumi na mmoja. Kwa siku moja, Baba Zena. Siku moja!"

Lukumani alitazama upande wa mikorosho, akawaona watoto wa Mwamina chini yake. Alifunika uso wake kwa viganja viwili, na mabega yake yakatikisika mbele ya wakweze wote, jambo ambalo mwanamume wa huko halifanyi. Hakusema nisamehe, maana alijua neno hilo halipandi mti. Baada ya muda alimwendea mzee Kaimu, akachutama pale palipo na matope, kama alivyochutama miaka kumi na minane.

"Nilime wapi, mjomba?"

Kidole cha mzee Kaimu kilimwelekeza kijitoni, pale chini kabisa, maji yanapotuama, palipobaki bila kulimwa kwa sababu panalowesha miguu. Swaumu hakumsemesha siku ile, wala wiki ile yote, na chakula alimtengea kwa kukibwaga. Lakini alimtengea. Naye Lukumani alilima bila kunung'unika, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, na wapita njia waliomjua enzi za Nachingwea walisimama wakamtazama, wakatikisa vichwa, wakaambiana kwamba wahenga hawakukosea: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.